Mama Aliyefundisha Mnara Kulala

Mama Mhandisi hakuwa mtu wa kupokea simu. Jambo hili lilitufurahisha sana sisi majirani zake wa Kibaha, maana mtaa mzima haukuwa na mtu aliyezijua simu kama yeye. Alizisomea ujana wake wote, akazifundisha chuoni Dar es Salaam, na aliyoyaandika kuhusu mitandao yalisomwa na watu wa nchi ambazo sisi tunazisikia kwenye taarifa ya habari tu. Lakini ukimpigia, simu italia mpaka ichoke yenyewe. Ukimtaka kweli ulikwenda kwake, ukagonga geti, naye akatoka amejifunga khanga, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Mama Mhandisi. Nimekupigia tangu asubuhi."

"Marahaba. Niliona."

"Sasa?"

"Sasa si umekuja."

Kwake hilo lilikuwa jibu kamili, wala hakuona sababu ya kuliongezea neno.

Mimi ni nesi. Nyumba yangu ilipakana na yake kwa ua wa michongoma, ila kituo changu cha kazi kilikuwa zahanati ya kijiji kimoja kata ya Mzenga, upande wa Kisarawe. Nilikuwa nashinda huko wiki nzima, wakati mwingine mbili, ndipo nirudi Kibaha kuwaona wanangu na kufua. Kwa hiyo nilimjua kwa vipande vipande, Jumamosi moja hapa, Jumapili moja pale, kwa miaka mingi.

Kanisani tulikuwa wote kwenye kwaya, sauti ya pili. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini alikuwa na tabia ya kuhesabu mapigo kwa mdomo, moja, mbili, tatu, nne, na kuhesabu kwake kulisikika kuliko kuimba kwake. Siku moja mwalimu wa kwaya alimwomba kwa heshima zote achague moja, ama aimbe ama ahesabu. Akafikiri kidogo, akasema basi atahesabu.

Alikuwa na simu nne. Moja ya chuo, moja ya kanisa, moja ya ndugu, na ya nne aliiita ya majaribio. Alizipanga mezani kama mtu anayeuza, na hakupokea hata moja. Nilimwambia mara nyingi kwamba haiwezekani mtu anayehubiri kuunganisha mitandao yote iwe kitu kimoja awe na simu nne mezani kwake. Alinijibu kwamba daktari wa meno naye huumwa jino.

Tena nyumba yake ilikuwa kwenye bonde dogo ambamo mtandao haukushika vizuri. Akitaka kutuma ujumbe ilimbidi aende nyuma ya banda la kuku, ageuze ndoo, apande juu yake na kunyoosha mkono. Watu waliokuwa wakipita njiani walimwona kichwa na mkono vikiwa juu ya ua.

"Mama Mhandisi, unatafiti?"

"Natafuta," alikuwa akijibu bila kugeuka. "Kutafiti ni baada ya kupata."

Jumamosi moja nilimpelekea pilau, nikamuuliza hasa kazi yake ni nini, maana tulikuwa majirani miaka mingi na mimi bado nilikuwa nawaambia watu kwamba anatengeneza simu. Akaniangalia kwa huruma, kisha akaionyesha sahani kwa kijiko.

"Zamani sauti ilikuwa na waya wake. Televisheni ina mawimbi yake, kompyuta zina njia zake. Ni kama mtu apike wali kivyake, nyama kivyake, viazi kivyake, kila kitu na jiko lake. Sisi tunataka sufuria moja. Sauti, picha, barua, mita ya maji, vipimo vya mgonjwa wako, vyote humohumo."

"Na ikiungua?"

Akaweka kijiko chini. Nilidhani nimesema upuuzi, kumbe nimemfurahisha.

"Hapo ndipo kazi yangu ilipo," alisema. "Ikiungua, imeungua yote. Kwa hiyo sufuria lenyewe lazima liwe na akili. Linuse moshi kabla ya mpishi. Lijue upande huu moto umezidi, lijipunguzie. Njia hii imejaa, lipitishe kwingine. Pakiharibika, lianze kujitengeneza kabla fundi hajapigiwa."

"Fundi mwenyewe hapokei," nilisema. Alicheka, lakini pilau alimaliza bila kuniambia asante.

Alizungumza sana habari za vizazi vya mitandao, cha nne, cha tano, na hicho ambacho watafiti wenzake walikuwa wameanza kukigombania kabla cha tano hakijafika hata Mlandizi. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye na ambaye masikio yake yalikuwa yamepungua, alikuwa akisikia hayo mazungumzo kutoka chumbani. Mama Mhandisi alijaliwa mtoto mmoja tu. Siku moja yule bibi alitoka na mkongojo wake, akatuuliza kwa hasira kwamba kama cha tano kimeshafika na cha sita kiko njiani, mbona yeye haitwi kuwaona hao wajukuu.

Kwa mashine alikuwa na subira ambayo watu hawakuipata. Niliwahi kumkuta amekaa saa nzima mbele ya kisanduku kilichokataa kuwaka, anakisemesha kwa upole kama mgonjwa wa homa. Saa hiyohiyo mwanafunzi wake mmoja alikuwa kibarazani analia. Nikamwambia, mama, mtoto wa watu analia. Akasema kisanduku hakijui kwamba hakijui, lakini mwanafunzi anajua kwamba hajui, na bado haulizi. Baadaye alimpelekea chai. Sukari alisahau.

Mimi ndiye niliyempeleka kijijini, na kwa hilo najilaumu na kujisifu kwa zamu. Alikuwa anatafuta mahali mtandao ulipo dhaifu, pasipo umeme wa kuaminika, ili yeye na wanafunzi wake wajaribu mnara mdogo wa kutumia jua. Nikamwambia aje kwetu. Zahanatini tulikuwa tunapata mtandao kwa kupanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya jengo, ambako ukisimama vizuri simu ilishika vijiti viwili kutoka mnara mkubwa wa mbali. Manesi wote waliowahi kupangiwa kituo kile walikijua kichuguu hicho kabla ya kujua kabati la dawa.

Mnara wao ulisimikwa karibu na shule ya msingi. Ulikuwa mwembamba, na Mama Mhandisi aliuita "binti yangu", basi kijiji kizima kikauita Binti. Mambo yakabadilika. Niliweza kupiga simu nikiwa nimekaa kitini kwangu, kama mtu wa mjini. Wauza korosho waliulizia bei kabla ya kubeba magunia. Kichuguu tukakiachia mbuzi.

Shida ilikuwa betri. Mvua za masika zikianza, jua halikutosha na Binti alikuwa akizimika mchana kweupe. Hapo ndipo Mama Mhandisi alipoleta ule ujuzi wake aliousifia kwenye sahani ya pilau. Aliufundisha mnara kukitazama kijiji. Ujifunze wenyewe saa ambazo watu wanapiga na saa ambazo wamenyamaza, na wakinyamaza ulale, uhifadhi nguvu. Wakianza kuita, uamke.

Mwenyekiti wa kijiji alilipokea jambo hilo kwa mashaka. "Yaani mama, umetuletea mfanyakazi, halafu unamfundisha kulala?"

"Hata wewe mwenyekiti unalala."

"Mie silali kazini."

Wote waliokuwepo walitazama chini ili wasicheke.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri mno. Binti alikijua kijiji kuliko mtendaji. Alijua Ijumaa watu hunyamaza adhuhuri, alijua siku ya mnada, alijua jioni kila mtu anampigia kila mtu. Wakati wa palizi aligundua kwamba asubuhi watu wote huvuka bonde kwenda mashambani, simu hubaki moja mbili, basi akawa analala asubuhi. Mama Mhandisi alinionyesha mchoro wa betri kwenye laptopu yake. Mstari ulikuwa unapanda kama mlima. Alikuwa akiutazama mstari ule kama mama anayetazama picha ya harusi ya mwanawe, na alishaalikwa kwenda kuuonyesha nje ya nchi.

Asubuhi ya Mwajuma ilikuwa ya palizi.

Alikuja zahanati na uchungu, akajifungua mtoto wa kike kwenye saa tatu, salama kabisa. Kondo la nyuma likatoka, nikalikagua, halikuwa na kasoro. Kisha damu ikaanza kutoka na haikutaka kusimama. Nilichoma sindano, nikaweka dripu, nikalisugua tumbo kama tulivyofundishwa. Iliendelea. Nikajua kwamba huyu ni wa gari la wagonjwa, na gari liko Kisarawe. Nikachukua simu kwa mkono mmoja, nikapiga. Hakuna mtandao. Nikasogea dirishani. Nikapiga tena, na tena. Mara sita nilipiga. Mwajuma alikuwa anaanza kuniuliza maswali ya mtu anayesinzia.

Ndipo nikakumbuka kichuguu. Nikamwachia mhudumu tumbo, nikamwambia asitoe mkono hata akiambiwa na malaika, nikatoka mbio. Nilikipanda kwa magoti, mbuzi wakatawanyika, nikapata vijiti viwili, nikaita gari.

Gari lilikuja. Mwajuma aliongezewa damu hospitali, na baada ya wiki alirudi kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Hayo nayasema mapema ili msomaji asiumie. Sisi siku ile hatukuyajua. Gari lilipoondoka nilirudi kichuguuni nikampigia Mama Mhandisi. Ililia mpaka ikachoka. Nikamwandikia: "Binti yako amelala. Mgonjwa wangu karibu afe."

Kesho yake asubuhi alifika na viatu vimejaa tope mpaka kwenye kifundo. Laiti ningesema kwamba alianza kwa kuomba radhi. Hapana. Aliingia ofisini kwangu, akakaa, akaanza kunieleza kwamba mnara ulifanya kile ulichoagizwa, bila kosa lolote, na kwamba kwa mtazamo wa betri uamuzi ulikuwa sahihi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na mimi nilikuwa sijalala. Nikamshika mkono, nikampeleka chumba cha kujifungulia. Mashuka ya Mwajuma yalikuwa bado yamelowekwa kwenye beseni.

Aliyatazama maji ya lile beseni muda mrefu.

"Ulianza kupiga saa ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia. Akafungua laptopu palepale, akiwa amesimama, ameiegemeza kwenye kitanda. Akatafuta. Nikaona kidole chake kinashuka kwenye maandishi, kinasimama, kinashuka tena.

"Haukunisikia?" nikamuuliza.

"Ulikusikia," alisema. "Mara zote sita ulikusikia. Imeandikwa hapa." "Tuliufundisha usiamke kwa ajili ya simu moja. Simu moja inaweza kuwa imebonyezwa mfukoni, inaweza kuwa mtoto anachezea. Tuliuambia uamke zikiita kadhaa. Ikiwa moja, uandike kelele."

Akaigeuza laptopu nikaona mwenyewe. Kelele, kelele, kelele, mara sita, na saa pembeni.

Mkutano uliitishwa mchana uleule, uwanja wa shule. Wanafunzi wake walikuja wamenyong'onyea, kwa sababu wao ndio walioandika maagizo ya mnara, na naamini walitegemea kutajwa. Mama Mhandisi alisimama mbele ya watu, bila karatasi, mtu ambaye hata matangazo ya kwaya aliyasoma kwenye karatasi.

"Kosa ni langu," alisema. "Si la mnara, si la hawa vijana. Mimi niliufundisha mnara kwamba mtu mmoja akiita, ni kelele. Naomba mnisamehe. Mkitaka tuung'oe, tutaung'oa leo."

Bibi yake Mwajuma, Bi Tatu, akainuka taratibu kwa kushika bega la jirani yake.

"Shikamoo, bibi," Mama Mhandisi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mie simu siijui. Lakini nikwambie kitu, maana naona umesoma na bado hujaambiwa. Hapa kwetu wenye furaha huita wakiwa wengi. Ngoma, harusi, mtoto katoka jando, utasikia kijiji kizima. Anayeita peke yake, huyo ndiye mwenye shida. Huyo ndiye wa kukimbiliwa."

Mama Mhandisi alikuwa na penseli sikioni. Aliichomoa, akatafuta karatasi, hakuna, akaandika kwenye kiganja cha mkono wake, mbele ya watu wote, kama mtoto wa shule anayeogopa kusahau.

Hawakuung'oa. Walikaa na wanakijiji siku kadhaa wakiuliza nani asikilizwe kwanza, jambo ambalo tungewashauri mwanzoni kama wangetuuliza. Mwenyekiti akapendekeza kwamba simu ya kwanza kusikilizwa iwe ya uongozi. Bi Tatu akamwambia, wee mwenyekiti una mdomo, mnara wa nini? Mwishowe Binti akafundishwa upya. Akilala, simu moja tu ilitosha kumwamsha, na simu ya zahanati ilipita mbele ya zote. Betri zikawa zinachoka mapema, na siku za mvua wauza korosho wakalalamika. Mama Mhandisi aliwaambia wakapande kichuguu.

Yaliyompata chuoni niliyasikia kwa wanafunzi, maana yeye hakuyasema. Wakubwa zake walitaka mchoro wa betri uende kwenye ripoti yake kama ulivyokuwa, ule unaopanda kama mlima, na ukurasa unaoeleza asubuhi ya Mwajuma uondolewe, kwa kuwa jambo lile, walisema, limesharekebishwa na halina haja ya kuwachanganya wasomaji. Akakataa. Walimsihi, akakataa tena, kwa ule ukaidi wake wa kutofungua mdomo. Mwaliko wa nje ukaenda kwa mwingine, mwenye mchoro mzuri na kurasa chache. Uprofesa nao ukachelewa, na mpaka anastaafu ulikuwa haujafika.

Msidhani aliyachukua kitakatifu. Alinuna. Alinuna Jumapili tatu mfululizo, hakuja kwaya, na kwaya ikaimba kwa mpangilio ambao haujapata kutokea, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilikwenda kumwona nikamkuta anachambua kisamvu kwa hasira, majani yanaruka.

"Unajuta?" nilimuuliza.

"Ule mchoro ulikuwa mzuri," alisema. "Nesi, hujui. Ulikuwa mzuri sana."

"Niliuona."

"Basi."

Tukamaliza kisamvu. Jumapili iliyofuata alirudi.

Alipostaafu aliiacha nyumba ya Kibaha kwa mwanawe, akahamia shambani Janga, akawa analima bamia na kufuga bata. Mimi nilihamishiwa mbali kidogo, tukapotezana. Mvua za vuli zilizopita nilipata ruhusa ya siku chache, nikaenda kumtembelea. Ilikuwa asubuhi ya mawingu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka kibarazani, amepungua, nywele zimekuwa nyeupe zote. Akainua uso upande wangu, lakini macho yakanipita kidogo pembeni.

"Nani?"

"Mimi, mama. Nesi. Shikamoo."

"Marahaba! Njoo hapa karibu. Nina mtoto wa jicho, yote mawili. Wamenipangia upasuaji mwezi ujao. Kaa, kaa. Mungu amekuleta. Unasoma Kiingereza bado?"

Kwenye mapaja yake palikuwa na kitabu kinene kilichofungwa kwa plastiki. Kilikuwa tasnifu ya msichana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye sasa alikuwa anamalizia shahada yake ya uzamivu. Mama Mhandisi alisema alianza kukisoma kabla macho hayajagoma, akafika sura ya nne, akakwama.

"Kwa sababu ya macho?"

"Sijui!" alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia kwake. "Ndicho ninachotaka kujua. Anasema minara ya ardhini na setilaiti za juu na vipimo vya shambani vitakuwa vinazungumza vyenyewe, vinapatana, kila kimoja kinampa mwenzake nafasi, pasipo mtu katikati. Sura tatu namfuata vizuri. Ya nne ananiacha. Sasa sijui ni macho au ni kichwa. Nisomee."

Nikasoma. Kiingereza changu ni cha dawa na fomu, kwa hiyo maneno mengi niliyatamka kwa kubahatisha, na palipokuwa na hesabu nilitaja herufi moja moja kama ninayesoma namba ya gari. Yeye alifumba macho, akageuza sikio. Bata walipita. Nilimaliza ukurasa wa kwanza, nikamaliza wa pili, nikasimama.

"Basi?" nikauliza.

Akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega kwanza, halafu kwa mwili mzima, mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona.

"Si macho," alisema. "Nesi, si macho! Ni kichwa. Sijaelewa hata neno moja." Akajipangusa kwa pembe ya khanga. "Nimesahihisha kazi zao miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipita. Hata mmoja. Nilikuwa naanza kuogopa."

Akaupapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu, akaubana.

"Endelea, mwanangu. Polepole. Endelea."

Nikafungua ukurasa wa tatu.